Nilitaka kujua ninachokiona

Kwenye kifundo cha mkono wa binadamu kuna mashua. Sikulijua hilo mpaka nilipofika miaka 37, nimekaa mezani jikoni saa mbili za usiku nikisubiri muda wa kwenda zamu, binti yangu wa miaka tisa ameshika kadi zangu za kujisomea na kunihoji kama mwalimu. Kifundo kina mifupa midogo minane, na walioipa majina waliangalia tu umbo. Skafoidi ni mashua. Lunati ni mwezi. Pisifomu ni punje ya njegere. Hamati ni ule wenye ndoano. Babu yangu alikuwa mvuvi kule Tanga, na mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya mshipi mpaka siku tuliyomzika. Ile mifupa minane niliikariri usiku mmoja, na kila nikiitaja namwona babu anavuta mshipi gizani.

Anatomia ilikuwa mojawapo ya masomo niliyodaiwa kabla ya kuomba nafasi ya uuguzi. Nina shahada ya uhasibu niliyoisomea Dar es Salaam. Tulipohamia Minnesota, mimi na mume wangu, shahada ile ilibaki kwenye begi na mimi nikafuata njia ya wenzangu wengi: kozi ya wiki chache ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kisha kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyumbani husema tuliopo huku tunabeba maboksi. Mimi sijabeba boksi hata moja. Nimebeba watu, nimewageuza ubavu kila baada ya saa mbili wasitoke vidonda, nimewaogesha alfajiri na kuwapaka mafuta miguuni.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyezoea kunisalimia kwa kunishika mkono. Usiku mmoja hakunishika. Aliniangalia kama mgeni, akaanza kuvuta-vuta shuka na kumwita mtu nisiyemjua. Mwili haukuwa na joto la kutisha. Nilijua tu kwamba huyu siye, nikamkimbilia nesi wa zamu. Bahati yangu nesi yule alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikuja, akampima presha, akahesabu pumzi, akauliza mara ya mwisho amekojoa lini, kisha akapiga simu. Bibi alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoanza kusambaa. Asubuhi nesi alinieleza kwamba kwa wazee maambukizi mara nyingi hayaji na homa, yanakuja na kuchanganyikiwa.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nimeshikwa na jambo moja. Mimi ndiye niliyeona, na yeye ndiye aliyejua nilichokiona. Sikumwonea wivu mshahara wake wala sare yake. Nilitaka kujua ninachokiona.

Nilipoanza kuulizia njia ya kuwa nesi nikakuta milango mitatu. Wa kwanza ni chuo cha jamii, miaka miwili hivi, ada ndogo kuliko kwingine. Wa pili ni shahada ya kwanza ya pili, kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya fani nyingine. Inakimbizwa kwa miezi 12 hadi 18. Wa tatu ni shahada ya uzamili ya kuanzia, yaani mtu aliyesoma uhasibu, historia au muziki anaingizwa moja kwa moja kwenye masters ya uuguzi. Jambo hili si geni Marekani. Yale walianza kupokea wahitimu wa fani nyingine mwaka 1974, kwa programu ya miaka mitatu inayoanza na uuguzi wa kawaida na kumalizia na ubingwa, kama ukunga. Nyingine ni fupi zaidi: ya Chuo Kikuu cha Minnesota ni miezi 16.

Lililonishangaza, na ambalo ningependa kila anayefikiria njia hii alijue kabla hajalipa senti, ni kwamba milango yote mitatu inatokea chumba kimoja. Wote mnakwenda kufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, maswali kati ya 85 na 150, kompyuta ikikuchagulia swali linalofuata kwa jinsi ulivyojibu yaliyotangulia. Ukifaulu wewe ni RN, nesi aliyesajiliwa. Mgonjwa anayekubonyezea kengele saa tisa za usiku haulizi umepitia mlango gani.

Sasa nieleze la baba mdogo, kwa sababu lilinisumbua kuliko hesabu zote za ada. Nilimpigia simu Jumapili moja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka unesi."

"Ndiyo, baba."

"Na ile digrii tuliyochangishana ada ukoo mzima?"

Nikajibu haraka, kama mtu anayejikinga na kofi: "Hii nayo ni masters, baba mdogo."

Akanyamaza kidogo. "Aa. Masters. Basi hapo sawa. Mungu akusimamie."

Neno moja lilitosha kufuta aibu. Nilifurahi kwa dakika kumi, halafu furaha ikaniishia. Baba mdogo huyu huyu alilazwa mwaka juzi, na aliyemsafisha kidonda, aliyemwamkia kila asubuhi kwa heshima yake yote, alikuwa kijana wa diploma. Baba mdogo mwenyewe humsifu mpaka leo. Na mimi je? Nilikuwa natafuta masters ili nijue, au ili ukoo usiseme nimeporomoka?

Swali hilo lilinirudia kwenye barua ya maombi. Maombi mengi hupitia mfumo wa pamoja uitwao NursingCAS: unajaza mara moja, unachagua shule, unalipia kila moja. Matokeo ya chuo cha nje lazima yatafsiriwe na taasisi ya tathmini, nayo huyataka yatoke chuoni moja kwa moja. Miezi minne niliyosubiri bahasha kutoka chuo changu nyumbani, huku shemeji akizunguka na risiti kutoka dirisha hadi dirisha, sitaki kuirudia hapa. Lakini lililo gumu zaidi ni barua: eleza kwa nini uuguzi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na Florence Nightingale na ndoto za utotoni. Sikuwahi kuota unesi utotoni. Nilikuwa nikiogopa sindano kiasi kwamba mama alinipeleka kliniki kwa kunidanganya tunakwenda sokoni. Niliifuta yote, nikaandika habari za bibi aliyeacha kunishika mkono, na kwamba mimi ni mtu wa hesabu ambaye usiku ule alijikuta ana namba zote na hajui kuzijumlisha. Iliingia kurasa mbili. Kwa mara ya kwanza sikuona haya kuisoma mbele ya mume wangu.

Shule tatu zilinikubali. Moja ilikuwa mbali, yenye jina ambalo hata baba mdogo analijua. Mbili ziko ndani ya jimbo. Nilizikagua zote kwa jicho la uhasibu: ithibati ipo, ya CCNE au ACEN? Waliofaulu NCLEX mara ya kwanza ni wangapi? Mikopo nayo ilikuwa imebadilika. Mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo la ada kwa wanafunzi wa uzamili, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na unaobaki kwa mwanafunzi wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Ile ya mbali ikaanza kutoka hapo, ingawa nilikuwa bado naipenda.

Kilichoamua ni dakika mbili nilizosimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, siku ya kutembelea shule mojawapo. Kijana mmoja alikuwa anapima mapigo ya moyo ya mwenzake kwenye kifundo cha mkono, pale karibu na skafoidi, kwa kubonyeza na dole gumba. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani kichwani, hakumkaripia. Alikitoa kile kidole polepole, akaweka vidole viwili vya kijana mahali pake, akamwambia kwamba dole gumba lina mapigo yake lenyewe, na kwamba anaweza kuhesabu moyo wake mwenyewe akidhani ni wa mgonjwa. Kisha akasimama pale dakika nzima, anahesabu naye kimyakimya huku akiangalia saa ya ukutani. Chumba kizima kilikuwa na wanafunzi wanane. Nikajua nataka kufundishwa na mikono ile. Shule hiyo ni ya miezi 20, iko dakika 25 kwa gari kutoka kwetu, na jina lake halitamwambia kitu mtu yeyote Tanga. Masters yake nitaichukua kwa shukrani, maana siku moja ningependa kufundisha, na kufundisha kunaidai. Lakini hata wangeita cheti ningekwenda.

Usiku ule kabla ya kubonyeza kukubali tulikaa watatu mezani. Shule wanashauri mwanafunzi asifanye kazi kabisa, kwa hiyo mshahara wangu unaondoka. Mume wangu anaendesha lori la mizigo, nyumbani anakuwapo siku tatu kwa wiki. Nilimwambia wazi kwamba mimi ndiye nitakayepata leseni, ila usingizi na pesa vitatoka kwetu sote, na akisema hapana nitakwenda chuo cha jamii taratibu, somo mojamoja, bila kinyongo. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema, "Mke wangu, miezi 20 naihesabu. Ila tuandike."

Tukaandika. Binti yangu alichora jedwali kwa rula, siku saba, kila siku ina asubuhi, mchana na usiku, akatugawia rangi: baba bluu, mama kijani, jirani yetu wa Mombasa aliyejitolea kumchukua shuleni njano. Mafunzo ya wodini yanaanza saa moja asubuhi, na basi la shule linapita saa mbili kasoro. Tumejaza karibu vyumba vyote. Jumatano asubuhi bado ni nyeupe. Jedwali liko kwenye mlango wa friji, masomo yanaanza baada ya wiki tisa, na kila mgeni anayeingia humu ndani binti yangu humpeleka kwanza pale kumwonyesha.