Deni la Shilingi: Idadi au Thamani?

Swali la kama mdaiwa anapaswa kurudisha idadi ileile ya fedha aliyodaiwa, au thamani iliyokuwamo ndani ya fedha hizo siku ya mapatano, lina umri mrefu katika vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hata hivyo, swali hilo halijabaki vitabuni, kwa kuwa mzigo mwingi hutoka dukani kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo kwamba mchukuaji atalipa akishauza, na kati ya siku ya kuchukua na siku ya kulipa shilingi huweza kuwa imeshuka.

Shilingi ya Tanzania na shilingi ya Kenya zina asili moja. Zote mbili zilitokana na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921 chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919, na ambayo 20 zake zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake tarehe 14 Juni 1966 na kutoa shilingi yake, kisha Kenya ikatoa ya kwake Septemba mwaka huohuo, kila moja ilirithi kipimo kilekile, na dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi 7 na senti 14 hivi pande zote mbili za mpaka. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi za Tanzania kati ya 15 na 21.

Hapo ndipo mwanafikihi anapokuta fumbo lake la kwanza. Mapokeo ya Mtume yaliyosimuliwa na Ubada bin Samit yanataka dhahabu ibadilishwe kwa dhahabu na madini ya fedha kwa madini ya fedha sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na yanaruhusu kuzidishana pale tu aina zinapotofautiana, mradi makabidhiano yafanyike papo hapo; kinyume cha hapo ni riba, yaani ziada isiyo na haki. Je, shilingi mbili zenye jina moja, asili moja na karatasi isiyotofautiana sana ni aina moja au mbili? Baraza la Fikihi la Makka lilikata shauri kwamba noti za kila nchi ni aina ya peke yake kwa sababu ya mamlaka inayozitoa, na baadaye Chuo cha Kimataifa cha Fikihi katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 nacho kilizipa noti hukumu za dhahabu na madini ya fedha. Kwa uamuzi wa Makka shilingi za Nairobi na za Dar es Salaam zilikuwa aina mbili tangu mwaka 1966, ingawa kwa miaka kadhaa zilipokewa kana kwamba ni moja.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifananisha fedha na kioo kisicho na rangi yake lakini huonyesha rangi ya kila kitu. Mfano huo una nguvu, ila kioo chaweza pia kupindishwa. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 1986 kiwango rasmi cha Tanzania kilikuwa shilingi 17 hivi kwa dola, kikitangazwa benki wakati hakuna mlanguzi wa mtaani aliyekuwa tayari kuuza dola kwa bei hiyo, na katikati ya mwaka huo serikali ilipokishusha hadi shilingi 40 ilikuwa, kwa kweli, ikikiri jambo ambalo soko la magendo lilikwisha kulisema siku nyingi.

Hasara ya thamani ya fedha kubadilika haimwangukii mkopeshaji peke yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15, fedha iliyotumika Afrika Mashariki kabla ya shilingi, zilikuwa sawa na pauni moja, lakini bei ya madini ya fedha ilipopanda, serikali ya Uingereza mwaka 1920 iliifunga rupia ya Afrika Mashariki kwenye kiwango cha rupia 10 kwa pauni. Mtu wa Kenya aliyekuwa akidaiwa rupia 1,500, yaani pauni 100, alijikuta akidaiwa pauni 150 bila kukopa hata senti moja zaidi, na benki zilizomdai zikaneemeka kwa kalamu ya watawala wa mbali.

Ikichukuliwa kwamba mwenye duka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, amemwandikia mteja katika daftari marobota ya vitenge ya shilingi 2,500,000 siku dola ilipokuwa shilingi 2,500, basi amempa mzigo wa dola 1,000. Mteja akilipa idadi hiyohiyo dola ikiwa imefika 2,700, mwenye duka anarudi kuagiza mzigo mpya akiwa na dola 926 tu. Daftari linasema deni limelipwa, na mkataba umetimizwa kwa ukamilifu, lakini roho ya mwenye duka haitulii. Abu Yusuf, mwanafunzi wa imamu wa fikihi Abu Hanifa, angemwelewa, kwa maana katika sarafu za shaba zilizoshuka alitaka ilipwe thamani ya siku ya kupokea. Abu Hanifa mwenyewe alishika idadi, na Chuo cha Fikihi katika azimio la Kuwait la mwaka 1988 nacho kilishika kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, wala halifungwi kwenye kupanda kwa bei.

Kati ya watu wawili, msimamo wa idadi ndio wenye haki zaidi, kwa sababu mteja hakuishusha shilingi, na kumtoza nyongeza baada ya mapatano ni kuifungulia riba mlango wa nyuma. Hata hivyo msimamo huo unamwacha mwenye mali na hasara ambayo mtu fulani ameisababisha. Nicole Oresme, askofu wa Ufaransa wa karne ya 14, alishikilia kwamba fedha ni mali ya jamii na mtawala anayeipunguza huwaibia raia. Shutuma hiyo ni kali mno kwa benki kuu ya leo, inayokabiliwa na bei za mafuta na ukame ambavyo haikuvileta, lakini kiini chake kinabaki. Kanuni zilizotangazwa Tanzania Machi 2025 zimepiga marufuku kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na kwa hiyo mwenye duka wa Kariakoo hawezi tena kujikinga kwa kuandika deni kwa dola. Serikali iliyomlazimisha raia kukopesha kwa shilingi peke yake ndiyo inayowajibika, kabla ya mdaiwa yeyote, kuilinda thamani ya shilingi hiyo.