Uchovu Usioisha na Dawa Iliyoshindwa

Mwanamke yule wa Injili ya Mtakatifu Marko, aliyetokwa damu miaka 12, alikuwa amekwisha tumia mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Mwinjili hamlaumu kwa kuwaendea. Twamkumbuka leo kwa ajili ya wagonjwa wa uchovu sugu.

Huo si uchovu wa mkulima jioni. Mkulima hulala, akaamka na nguvu. Mgonjwa huyu huamka kana kwamba hakulala; akifua nguo chache leo, kesho na kesho kutwa hawezi kuinuka. Hana kidonda cha kuonyesha, wala hakuna kipimo cha damu cha kumtetea. Basi huitwa mvivu, na hata madaktari wengine wamepata kumwambia kuwa ugonjwa u katika mawazo yake tu. Kumsingizia mnyonge ni dhambi, wala si ndogo.

Mwaka 2004, mjini Bergen, nchi ya Norwe, madaktari Øystein Fluge na Olav Mella walimtibu mgonjwa wa saratani aliyekuwa pia na uchovu huo, wakashangaa kuona uchovu nao unapungua. Wakaijaribu rituksimabu, dawa ya saratani iuayo chembe fulani za kinga katika damu. Mwaka 2011 walitangaza matokeo ya wagonjwa 30: katika 15 waliopewa dawa, 10 walipata nafuu, katika 15 waliopewa maji ya chumvi tu, 2.

Je, ni haki kumpa mgonjwa maji mahali pa dawa? Baba Mtakatifu Pius XII, mwezi Septemba 1952, alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa kupita yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na faida ya elimu peke yake haitoshi. Basi, aliyeelezwa wazi akakubali hakudanganywa.

Wangaliweza kutosheka na sifa ile, lakini hawakutosheka. Walijaribu tena kwa wagonjwa 151, kwa muda wa miezi 24, mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa nini. Mwaka 2019 wakatangaza wenyewe: waliopewa dawa walipata nafuu 26 katika 100, wasiopewa 35. Na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa! Twajua ni uchungu gani huo kwa mtu aliyengoja kitandani miaka minane. Hata hivyo waliomwambia kweli walimpenda kuliko mwuza dawa anayemwahidi uzima sokoni.

Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu. Mwaka 2025 kundi lile la Bergen lilitangaza jaribio la dawa nyingine, daratumumabu: wanawake 10, na 6 kati yao walipata nafuu kubwa. Safari hii hapakuwa na kundi la maji, na msomaji aliyetufuata hadi hapa anajua kwa nini madaktari wale hawajashangilia.