Kipimo cha Mshale

Mtu anapochagua mshale, ni nani ampasaye kumfikiria kwanza: yeye arushaye, au yule atakayechomwa? Swali hili laonekana jepesi, lakini mimi nililijibu vibaya nilipokuwa na umri wa miaka kumi.

Kwetu ni Ikutha, kusini mwa Kitui, penye jua kali na mvua ya kuhesabiwa. Mvua za vuli zikianguka, mahindi na kunde hupandwa leo, na kesho kindi wa ardhini huufuata mstari wa mashimo na kufukua punje moja baada ya moja, kwa utaratibu ambao mwanafunzi mvivu angeuonea haya. Mbegu ikiliwa hapana nyingine ya kupanda, na mvua haimngoji mtu. Basi niliwekwa kulinda shamba. Nikachukua manati, nikaokota kijiwe cha kwanza kilichonijia mkononi, chembamba na chepesi, nikampiga kindi mmoja mguu wa nyuma. Alijiburura mpaka akaingia shimoni. Nami nikapiga vigelegele.

Babu yangu hakushangilia. Yeye alikuwa mwindaji kabla Serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Alinikalisha kando ya lile shimo, akasema, "Mjukuu wangu, kazi uliyoianza haijaisha. Kaa hapa mpaka iishe." Tulikaa hata jua likatua. Kindi hakutoka.

Usiku ule alinieleza habari za mishale ya Ukambani. Kwa ndege mtu alitumia mshale wa ncha ya mti, usio na chuma wala sumu, kwa kuwa sumu huchemshwa kwa taabu na si kitu cha kuchezea. Kwa mnyama mkubwa ulitakiwa mshale wa kigumba cha chuma, uliopakwa sumu iingiayo katika damu na kuusimamisha moyo. Kigumba hicho kilifungwa ngozi laini ili sumu isikauke, na pia isimkwaruze mwenyewe. Sumu ikikauka nguvu hupungua, na mnyama aliyechomwa kwa sumu dhaifu huenda akatangatanga na maumivu yake, asife upesi wala asipone. Kwa hiyo mwindaji mwaminifu aliitazama mishale yake kabla ya kutoka nyumbani, na ule aliouonea shaka hakuutia podoni. Nimesoma kwamba huko Marekani wako wawindaji wa mnyama mdogo achimbaye mashimo mashambani, ambao huipima wenyewe baruti ya kila risasi, tena kwa mizani. Naamini babu angewaelewa bila mkalimani.

Mtu aweza kusema: chukua silaha kubwa kabisa, nawe hutakosea. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwindaji aliyeitwa W. D. M. Bell aliwaua ndovu wengi Karamoja, katika Uganda, kwa bunduki ya risasi nyembamba ya milimita 7, wakati wengine walibeba bunduki nzito za kuvunja bega. Siri yake ilikuwa maarifa. Alipasua mafuvu ya ndovu akajifunza mahali hasa ulipo ubongo. Risasi ndogo yenye kujua iendako humaliza mateso mapema kuliko kubwa iliyopotea njia.

Lakini Bell huyo huyo aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, kwa ajili ya pembe. Hapa ndipo hoja yangu inaponipa taabu. Kama wema ni kuua upesi, basi yeye alikuwa mwema mara elfu moja! Moyo wangu wakataa. Kuchagua silaha ifaayo ni deni letu kwa mnyama tuliyekwisha kuamua kumwua, na hulipa deni hilo tu. Kwamba ilitupasa kumwua au haikutupasa, ni swali jingine, nalo hutangulia. Fundi hodari wa mishale aweza kulisahau kwa sababu mikono yake ina kazi.

Sheria ya mwaka 1977 ililijibu swali hilo kwa niaba ya wengi, na ile ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba. Hata hivyo mashamba yangaliko, na panya wangali ghalani. Siku hizi wengine hunyunyiza sumu ya dukani juu ya punje na kwenda kulala. Silaha hiyo haina mlengaji. Panya hula, bundi humla panya, na asubuhi mbwa wa jirani hukutwa amekauka njiani, naye hakuwa na kesi na mtu.

Msimu uliofuata nililinda tena shamba lile. Nilichagua vijiwe saba vya mviringo, vizito, nikavitia mfukoni. Kisha nikaenda jikoni kwa mama nikaomba debe bovu. Nililigonga tangu alfajiri mpaka saa nne, siku kumi mfululizo, hata majirani wakalalamika. Vile vijiwe nilivirudisha mtoni mahindi yalipoota.