Tumbo la Mtafuta Ilimu

Ama baada. Enyi vijana mnaosafiri kutafuta ilimu, jueni ya kwamba huko Marekani husemwa kuwa mwanafunzi hunenepa ratili 15 katika mwaka wake wa kwanza wa chuo. Waliopima wameona wastani ni kama ratili 3 tu. Lakini wako waliozidi sana, na sababu si ulafi peke yake.

Kijana ametoka kwa mamake, aliyekuwa akimpakulia sahani moja. Sasa aingia katika ukumbi uliokwisha kulipiwa tangu mwanzo wa muhula, ajipakulia apendavyo. Hukaa na wenziwe kumi, na penye mazungumzo mkono hausimami. Usiku hukesha kwa ajili ya mtihani, na mwenye kukosa usingizi huzidiwa na njaa. (Pombe nayo hunenepesha, hiyo kwetu ni haramu, sina haja ya kuirefusha.)

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitugawia tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Basi mbona fungu la pumzi tumelipa soda? Na yule mwenzenu aliyenenepa, msimcheke. Ni ninyi mliomwita mezani mara ya pili, naye akaona haya kukataa.