Shika Kamba, Usubiri

Kaskazini mwa Great Barrier Reef, huko Australia, kuna utaratibu mmoja ambao ningependa kila mtu wa pwani aujue. Ukishuka majini kuogelea na nyangumi, unashika kamba. Kamba hiyo imefungwa kwenye boti na kuachwa ielee, nanyi mnajipanga kuifuata, miwani usoni, mrija mdomoni, mkitazama chini. Kumfukuzia nyangumi ni marufuku. Kumgusa ni marufuku. Akitaka kuja atakuja mwenyewe, na asipotaka mtapanda botini mkale chakula cha mchana.

Nyangumi hao ni aina ndogo ya minke, ambayo wanasayansi walianza kuitofautisha na minke wengine katika miaka ya 1980. Wakubwa wao hufikia mita 8 hivi. Ni wadogo ukiwalinganisha na nyangumi wa buluu anayeweza kufika mita 30, lakini mtu aliye majini kando yao haoni udogo huo. Kila mwaka hupanda kutoka bahari baridi za kusini, na huonekana zaidi mwezi Juni na Julai kwenye miamba ya Ribbon Reefs, kati ya Port Douglas na Kisiwa cha Lizard. Ndiyo miezi yetu ya kipupwe, ambapo huku kwetu nyangumi wenye nundu nao huanza kupita pwani ya Tanzania na Kenya.

Hawarushiwi chambo. Hawaitwi kwa chochote. Tangu mwaka 2003 ni boti chache tu zenye kibali maalumu zinazoruhusiwa kuwateremsha watu majini pamoja nao, na masharti yake yametokana na miaka mingi ya kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, akiwemo Alastair Birtles. Abiria wenyewe huwapa watafiti hao picha wanazopiga, kwa kuwa mabaka ya kila nyangumi ni yake peke yake, na kwa mabaka hayo hujulikana nani amerudi mwaka huu. Nyangumi wengine waliofungwa vifaa vya satelaiti walifuatiliwa wakishuka pwani yote ya mashariki ya Australia, wakielekea tena kwenye maji baridi.

Mimi mwenyewe nilipoogelea nao, kilichonipa shida pale kwenye kamba ni mikono. Miguu ilitulia na pumzi ikauzoea mrija, lakini mikono ya binadamu imezoea kunyoosha na kupata, na sasa ilikuwa imepewa kazi moja tu. Chini yangu palikuwa buluu tupu, kina kisichoonyesha hata jiwe. Muda ulipita. Kisha chini kabisa kilipita kitu kirefu chenye doa jeupe begani, kikapotea. Nilipodhani ameondoka alitokea upande wa pili, karibu zaidi. Akazunguka, akaja na mwenzake. Watafiti wanasema ndivyo ilivyo kawaida yao: kadiri wanavyokaa ndivyo wanavyosogea, na mara nyingine hukaa na boti kwa saa kadhaa.

Hakuna nililofanya likamleta. Pesa yangu ilikuwa imelipia boti, chakula na nafasi kwenye kamba. Ukaribu ule haukuwa na bei, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuniuzia.

Na tusisahau ni nani anayemkaribia nani. Ndugu zao, minke wa Antaktika, waliwindwa kwa maelfu katika uhai wa watu wazima wa leo. Ilibidi Mahakama ya Kimataifa ya Haki iamuru mwezi Machi 2014 kwamba Japani isitishe mpango wake wa kuwawinda huko kwa jina la utafiti. Mnyama wa jamii hiyo anapokuja kwa hiari hadi penye boti, jambo la adabu ni kutulia.

Nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni alipiga hodi mara tatu, na asipojibiwa akageuka akaenda zake bila kinyongo. Kuchungulia dirishani kulihesabiwa aibu kubwa. Adabu hiyo tunaijua vizuri tukiwa nchi kavu. Baharini tunaiacha ufukweni pamoja na viatu.

Nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, asubuhi ya msimu wa wageni. Pomboo wakionekana, boti zote hugeuka kwa pamoja, injini zinanguruma, watu wanarushwa majini mbele ya vichwa vya pomboo, wanapandishwa tena haraka, na mbio zinaanza upya. Watafiti waliowachunguza pomboo wa huko wamekuta kwamba palipo na boti hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Inaniuma, kwa sababu kijiji hicho kilikwisha kufanya jambo kubwa: hadi miaka ya 1990 pomboo walivuliwa huko ili nyama yao iwe chambo cha papa, na utalii ndio uliowafanya wawe na thamani wakiwa hai.

Wengi huwalaumu manahodha. Mimi nawatetea. Nahodha ana watoto wa kulisha, na nyuma yake amekaa mtu aliyelipa anayetaka picha sasa hivi, tena anaiona boti ya jirani imeshafika. Asipofukuza atanyimwa bakshishi, na kesho mgeni atapelekwa kwa mwingine. Anayeendesha injini ile kweli ni mteja asiyekubali kurudi mikono mitupu.

Kamba nayo haimalizi kila kitu. Joto la bahari liliyapausha matumbawe ya Great Barrier Reef mwaka 2016, na upande wa kaskazini, uleule wa nyangumi hawa, ndio ulioumia zaidi. Likarudi 2017, 2020, 2022 na 2024. Ndege zinazotupeleka huko ni sehemu ya joto hilo, na mwenye nafasi ya kusafiri alibebe jambo hilo moyoni anapokata tiketi.

Lakini la kamba liko ndani ya uwezo wetu, na halihitaji ndege. Ukienda Kizimkazi, au ukienda Kilindoni kule Mafia kuogelea na papa potwe, zungumza na nahodha kabla injini haijawashwa. Mwambie: kaka, leo usimfukuze mtu yeyote wa baharini, tukae mbali, tuzime injini, tusubiri. Mwambie pia kwamba bakshishi yake ataipata hata kama hatukuona kitu, na mkirudi ufukweni mpe.