Chombo ni kwa Ajili ya Mtu

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Alitoka usharika mwingine, nami sikumwuliza mtoto alifarikije. Nilikuwa nimejifunza Tiba ya Kukubali na Kujitoa, nikawa na hamu ya kuitumia. Nikamwambia, "Mama, fumba macho. Ona mto unatiririka. Kila wazo linalokuja liweke juu ya jani, uliache lichukuliwe na maji."

Akafumbua macho. "Baba Mchungaji, mto ndio uliomchukua mwanangu."

Siku hiyo nilijua kwamba chombo kizuri huweza kumjeruhi mtu kikiwa mkononi mwa asiyesikiliza.

Tiba hii ilianzia Marekani katika miaka ya 1980, kwa kazi ya mwanasaikolojia Steven Hayes na wenzake. Haimwahidi mtu kumwondolea maumivu. Humsaidia kuyapa nafasi bila kupigana nayo, kuyatazama mawazo yake kuwa ni mawazo tu, kisha kuchukua hatua ndogo kuelekea jambo analolithamini. Mafunzo yaliyojengwa juu yake yamewapunguzia msongo wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda. Basi sina ugomvi na tiba yenyewe.

Swali langu ni hili: je, mshauri anayebadili njia amekosa uaminifu? Wapo wasemao njia iliyothibitishwa ifuatwe hatua kwa hatua. Hoja hiyo ina uzito, maana kubadilisha ovyo huweza kuficha uvivu wa kujifunza. Lakini mtazameni Bwana. Bartimayo alimponya kwa neno. Aliyezaliwa kipofu alimpaka tope machoni, akamtuma Siloamu. Yule wa Bethsaida alimshika mkono, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Aliposikia kwamba bado haoni sawasawa, akamwekea mikono tena. Njia zilikuwa tatu, kusudi moja. Na hata Bwana aliuliza.

Hata hivyo, kukubali kuna mpaka. Kukubali maumivu ya moyo si kukubali uovu. Mwanamke anayepigwa nyumbani kwake asifundishwe kuvumilia kipigo. Atafutiwe kwanza mahali salama.

Yule mama nilimwomba radhi. Tukauacha mto. Nikamwuliza ni jambo gani alilothamini katika kumlea mwanawe, ambalo hata kifo hakikuliondoa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumwimbia." Baadaye alianza kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili nyimbo. Jumapili nyingine alifika akiwa amelia njiani. Machozi hayakuisha, wala sikumwambia yaishe.

Nawe, ndugu, ukienda kwenye nyumba ya msiba wiki hii, usitangulize aya uliyoizoea. Keti. Uliza. Sikiliza jibu.