Mvua ya Msafiri na Mvua ya Mwenyeji

Limo katika lugha yetu neno ambalo sisi walimu hulitumia kila siku bila kulipima, nalo ni mandhari. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupatia nadhari na nadharia, maneno ya kuangalia na kufikiri. Mandhari ni kile kitazamwacho. Kwa hiyo neno lenyewe lataka awepo mtu aliyesimama kando, mwenye nafasi ya kutazama. Alimaye mahali hapo, au apandaye na ndoo ya maji kichwani, hapaiti mandhari. Hupaita shamba, au njia, au nyumbani. Swali ninalopenda kulileta mbele ya walimu wenzangu ni hili: msafiri apitaye katika nchi ya milima na mvua, akaiona kuwa nzuri, akaisifu, je, sifa yake hiyo ni halali? Au ni namna ya kuchukua mali ya watu bila kuilipia?

Swali hili halitoki mbali nasi. Hapa Bujumbura, katika madarasa ya Kiswahili, insha ya safari haikosekani, na aghalabu mwanafunzi wa mjini hupanda milima katika daftari lake. Ataandika juu ya ukungu uliotanda kama pamba, juu ya mashamba ya chai ya Teza, juu ya hewa baridi na manyunyu yaliyoburudisha moyo. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na nyingine zilikuwa nzuri kwelikweli. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Mugamba, alipopewa mada hiyo hiyo, aliandika ukurasa mzima juu ya paa: jinsi baba yake alivyoamka usiku kushika bati lililokuwa likiinuliwa na upepo, jinsi kuni zilivyolowa, jinsi njia ya kwenda shule ilivyoteleza hata akafika na matope mpaka magotini. Neno zuri halikuonekana hata mara moja. Hata hivyo kijana yule hakuwa analalamika. Alikuwa akieleza mvua.

Na tuitazame basi njia yenyewe. Mji wetu umekaa kando ya ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 800 hivi. Ukishika barabara kuu ya kwenda Bugarama, safari ya kilometa 35 tu, umekwisha kuvuka mita 2,000. Umefika kwenye mgongo wa nchi, penye msitu wa Kibira, ambako mvua hufikia milimita 1,500 na kupita. Tone moja likianguka upande wa magharibi wa mgongo huo hushuka ziwani, na kwa njia ya ziwa huenda katika mto Kongo na bahari ya Atlantiki; jirani yake likianguka hatua chache upande wa mashariki hufuata Ruvubu, kisha Kagera, kisha Nyanza, kisha Naili, mpaka Misri. Hapana msafiri mwenye akili timamu atakayepita hapo asishangae. Mimi mwenyewe hushangaa kila mara, wala sidhani kwamba mshangao huo ni dhambi.

Lakini katika barabara hiyo hiyo wamo vijana wa baiskeli. Huteremka mlimani wakiwa wamepakia makaa, au mikungu ya ndizi, mzigo mzito kuliko wao, breki zikilia katika kona. Na wakati wa kurudi hujishikiza nyuma ya malori kwa mkono mmoja ili wavutwe juu. Mvua inaponyesha lami huteleza na dereva haoni nyuma. Aliyeketi ndani ya gari, dirisha limefungwa, anasema: ukungu ulioje! Kijana aliye nyuma ya lori naye anauona ukungu ule ule. Yeye anahesabu kona.

Hii ndiyo hoja ya wanaosema sifa ya msafiri ni batili. Wanasema: uzuri wa mvua ni zao la kutokuwa na haja nayo. Hulimi, hivyo hujali kama imechelewa. Hulali chini ya paa lile, hivyo hujali kama limevuja. Wanaweza kuongeza kwamba hata njia za kwanza za magari katika milima yetu zilichimbwa kwa kazi ya lazima, zamani za utawala wa Wabelgiji, kwa hiyo hata mahali unaposimama kutazama palilipiwa kwa jasho la babu wa huyo mwenyeji usiyemwona. Na wanaokumbuka vita vilivyoanza mwaka 1993 wanajua kwamba kwa miaka mingi barabara hizo zilipitwa kwa misafara yenye ulinzi wa askari, na kwamba wako watu vilimani waliolala porini, mvua ikiwanyeshea, kwa kuogopa kulala majumbani mwao. Kwa mtu wa namna hiyo ukungu ni kitu kingine kabisa. Pengine ulimficha, pengine ulimficha aliyemjia.

Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuipunguza. Hata hivyo naona inakosea mahali pamoja. Inadhani kwamba mwenyeji yeye haoni uzuri. Kwamba shida imemfunga macho. Hiyo ni dharau iliyovaa nguo za huruma. Wazee wa vilimani niliowasikia wakisifu ng'ombe, wakisifu mtama ulioshika, hata wakisifu mvua yenyewe ilipoanza Septemba baada ya kiangazi kirefu, walikuwa na ufasaha ambao msafiri hawezi kuukaribia. Tofauti ni kwamba sifa zao ni za mtu anayehusika.

Basi tofauti ya haki haiko kati ya kusifu na kutosifu. Iko katika kuhusika. Na hapa lugha jirani yetu inatufundisha jambo. Katika Kirundi kipo kitenzi kimoja, kugama, maana yake kujikinga mvua kwa kuingia mahali penye paa hata ikatike. Sisi katika Kiswahili twasema kujikinga mvua, au kujibanza, maneno ambayo hayana nyumba ya mtu ndani yake. Sisemi kwamba lugha yenye neno ndiyo yenye wema. Ukipima hivyo utaumbuka upesi. Lakini neno hili linataja desturi. Mwaka mmoja, karibu na Bukeye, mvua ya mawe ilinikuta njiani kwa miguu, nikaingia katika boma la kwanza nililoliona. Bibi mwenye nyumba hakuuliza jina langu wala nilikotoka. Alisogeza kigoda karibu na moto, akaendelea kuchambua maharage. Baadaye akaingia mwanamume wa jirani, na baada yake wasichana wawili waliotoka sokoni, tukawa watu watano tusiojuana vizuri, tukisikiliza mawe juu ya bati. Yalipokwisha, bibi alitoka nje kabla yetu sote, akaenda moja kwa moja kwenye shamba lake la maharage, akainama, akayainua majani yaliyotoboka moja moja. Tulipomshukuru aliitikia bila kugeuka.

Wakati ule nilitaka sana kufanya jambo, wala sikujua lipi. Fedha ingekuwa tusi. Kumhurumia kwa maneno kungekuwa kumwongezea kazi ya kunijibu. Nilichoweza kufanya ni kuuliza, kwa Kirundi changu cha mjini, maharage yale yalikuwa yamebakiza siku ngapi. Naye akageuka, akanieleza kwa kirefu, na akanionyesha mahali ambapo mwaka uliotangulia maji yalikuwa yamekata shamba na kuchukua udongo mpaka kwa jirani wa chini. Ndipo nilipokiona kilima. Nilikuwa nimekipita mara nyingi.

Kwa upande wa historia, Kiswahili chenyewe kilikuwa msafiri aliyesimama chini ya milima hii akiitazama. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi Novemba 1871 hata mlango wa Rusizi. Wote waliiona milima ya Burundi kutoka majini, kama picha ukutani. Rumaliza, tajiri wa Ujiji, alijaribu kuingia kwa nguvu, nayo majeshi ya mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Hivyo lugha yetu ilibaki pwani ya ziwa, Rumonge, kisha Buyenzi, katika masoko na bandari. Wa kwanza wa Ulaya kuvuka nchi kwa miguu, Oscar Baumann, mwaka 1892, alipita na wapagazi wa msafara ulioanzia Tanga, na bunduki zilitumika njiani. Aliandika mengi juu ya milima na chemchemi. Ni kweli alijua kitu ambacho mkulima wa kilima kimoja hakuwa na haja ya kukijua: kwamba vijito vile, kila kimoja na jina lake, ni mito ya bahari mbili. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya msafiri, naye asinyang'anywe. Mwenyeji anajua kilima chake kwa kina. Msafiri huona jinsi vilima vinavyoshikana.

Mfano wa mbali utusaidie. Kaskazini-mashariki mwa Bara Hindi liko jimbo liitwalo Meghalaya, jina maana yake makao ya mawingu, lililoundwa mwaka 1972. Huko ndiko kwenye vijiji vya Cherrapunji na Mawsynram, ambako mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 11,000. Na katika miezi 12 ya 1860 na 1861 Cherrapunji ilipimwa zaidi ya milimita 26,000. Mwalimu wa Kiswahili asidhani mvua hiyo ni ya wageni. Upepo unaoibeba ni ndugu wa kusi yetu, ile iliyosukuma majahazi kutoka Unguja kwenda Hindi. Huvuka ikweta kando ya pwani ya Afrika Mashariki, hugeuka, huchota maji baharini, huenda kuyamwaga kwenye milima ya Wakhasi. Wasafiri hufika huko kuona maporomoko ya maji na madaraja yaliyofumwa kwa mizizi ya miti hai, ambayo wenyeji huilea miaka mingi mpaka ishike upande wa pili wa mto. Wachache hubaki mpaka kiangazi, kuona akina mama wa Cherrapunji wakitafuta maji ya kunywa, kwa sababu ardhi imekwisha kuoshwa na haishiki kitu. Mahali palipo miongoni mwa penye mvua nyingi kuliko pote duniani pana kiu. Msafiri wa Julai akirudi kwao akasema ameiona Cherrapunji, je, amesema uongo? Hakusema. Ila daraja lile alilopiga picha lilijengwa na watu waliokuwa wakiifikiria mvua ya wajukuu wao.

Na sisi wa Bujumbura tunalo jambo linalotuondolea kabisa udhuru wa kusema tulikuwa wapita njia. Mvua ya milimani hutufuata nyumbani. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yaliteremka kutoka vilimani yakapita katika mitaa ya kaskazini ya mji wetu, yakaua watu zaidi ya 60 na kubomoa nyumba nyingi. Desemba 2019, huko Cibitoke, ardhi iliporomoka usiku na kufukia makumi ya watu wakiwa wamelala. Kilima kinachoporomoka aghalabu ni kile kilichovuliwa miti, na sehemu ya miti hiyo ilipita mbele yetu juu ya baiskeli, imekuwa makaa, tukaipikia. Karoti na kabichi za Bugarama tunazila sisi. Udongo wa bibi wa Bukeye, huo umeshika njia ya mashariki, utaonekana katika Ruvubu. Lakini udongo wa majirani zake wa magharibi uko hapa, katika mto Ntahangwa, rangi ya kahawia, unaingia ziwani. Aliyesifu ukungu akadhani ameuacha kule juu, hajui kwamba anao mlangoni.

Kwa hiyo sikubaliani na wale ambao wangependa tufute insha ya safari, au tumfundishe mtoto kuona haya mbele ya kitu kizuri. Naona tumwachie sifa yake, kisha tumwulize maswali: kijito hicho kinaitwaje, na maji yake yanaishia wapi? Nani analima mteremko huo, na nani anakula mavuno yake? Asiyeweza kujibu arudi akaulize, na akaulize kwa Kirundi. Wengine watasema huu si ufundishaji wa Kiswahili. Sijui lugha inafundishwa kwa kitu gani kingine.

Yule kijana wa Mugamba, baada ya kuandika juu ya paa, aliniletea insha ya pili ambayo sikumwagiza. Ilihusu ziwa. Alikuwa amekaa ufukweni jioni moja, akaona jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, maji yamegeuka dhahabu, akaandika kwamba hajapata kuona mandhari nzuri kama ile. Lilikuwa ziwa lile lile ambalo, pamoja na Rusizi, limewatoa watu wa Gatumba majumbani mwao kwa maelfu tangu mwaka 2020. Nilimpa alama nzuri, na pembeni nikamwandikia swali moja: wavuvi waliokuwapo jioni ile walikuwa wakitazama upande gani?